Matibabu Yameisha, Wageni Wameondoka

Wiki za mionzi zina ratiba yake. Jumatatu hadi Ijumaa mgonjwa anaamka, anaoga kwa uangalifu asifute alama alizochorwa mwilini, anashika faili lake, anapanda daladala kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Ni kipindi kigumu, lakini kina mpangilio. Kuna nesi anayemjua kwa sura, na kuna wenzake wa benchi wanaoulizana nani leo ameweza kula. Jioni simu inaita kutoka nyumbani: leo imekuwaje? Kisha inafika siku ya mwisho. Anaambiwa amemaliza, arudi kliniki baada ya miezi kadhaa. Anapanda basi kurudi Muleba, Newala au Kyela, na anapokewa kwa vigelegele. Wiki mbili baadaye nyumba imenyamaza. Kundi la michango kwenye simu halina ujumbe mpya, mdogo wake aliyekuja kusaidia kupika amerudi kwake, mume amerudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo wengi huanza kulia, na wengi hulia kwa kujificha, kwa sababu kila mtu anawaambia wamepona.

Nawaandikia waliofika hapo, na zaidi nawaandikia watu wa karibu nao. Nimeona familia nyingi zikijitoa kwa moyo wote wakati wa matibabu, kisha zikaacha mapema mno, bila ubaya wowote, kwa kudhani kazi imekwisha. Kazi ya mwili imepungua. Kazi ya moyo ndiyo kwanza inaanza.

Daktari wa Marekani, Fitzhugh Mullan, aliyepata saratani akiwa kijana wa miaka 32, aliliona jambo hili kwa macho ya mgonjwa na ya mganga kwa pamoja. Mwaka 1985 aliandika katika jarida la kitabibu la New England kwamba maisha ya aliyeugua saratani yana misimu mitatu. Wa kwanza ni wa kugundulika na kutibiwa. Wa pili ni ule ambao dawa zimesimama, mtu anafuatiliwa, na hofu ya ugonjwa kurudi inamkalia kila siku. Wa tatu ni pale hatari inapokuwa imepungua sana, ila alama zimebaki mwilini, kazini na katika ndoa. Hospitali zimejengwa kwa ajili ya msimu wa kwanza, na hata desturi zetu za kusaidiana zinaangalia huo huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 53.5 duniani walikuwa hai ndani ya miaka mitano tangu waambiwe wana ugonjwa huo. Wengi wao wako katika msimu wa pili, nao hauna kengele wala vigelegele.

Sisi ni hodari wa msiba na wa ugonjwa unaoonekana. Mtu akilazwa, uji unafika kwenye chupa, watu wanapanga zamu za kulala naye, mchango unapita mtaani hadi msikitini na kanisani. Nguvu hiyo ni kubwa na watu wa nchi nyingine wanaitamani. Kasoro yake ni kwamba imezoea mambo ya siku chache. Saratani inadai miaka. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi huenda akameza kidonge cha tamoxifen kila siku kwa miaka mitano, pengine kumi. Aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ataitwa kliniki tena na tena, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Kila mwito ni nauli, malazi, siku za shamba au za genge zilizopotea, na usiku kadhaa bila usingizi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa ndugu na majirani ni huu: punguzeni kidogo kile mnachotoa mwanzoni, wekeni akiba ya baadaye. Tuseme watu kumi mlikuwa mmeanzisha kundi la michango. Msilivunje mgonjwa anaporudi. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, mwezi mmoja ni 50,000, na baada ya miezi sita kuna 300,000 inayosubiri safari ya kliniki. Mtunza fedha awe mtu anayejua tarehe za kliniki, si mwenye sauti kubwa tu. Mgonjwa aambiwe mapema kuwa fedha ipo, asije akaanza kuomba upya kila safari. Wengi hukatisha kliniki kwa kuona aibu ya kupiga simu tena kwa watu wale wale. Na hospitali kubwa za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Asiyemudu gharama aanzie huko, afike na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, asingoje mpaka deni limkimbize.

Fedha ni upande mmoja. Mkono unaohitajika nyumbani ni mwingine, na hapa kuna kauli moja ningependa tuiache: "Ukihitaji chochote uniambie." Mwenye kuisema ana nia njema, ila inamrudishia mgonjwa kazi ya kuomba, naye hataomba. Sema jambo lenye siku na saa. "Wifi, Alhamisi nakuja kufua, mashuka yaache." "Shemeji, mtoto atapita kwangu akitoka shule mpaka mwisho wa mwezi." Uchovu wa baada ya tibakemia na mionzi haufanani na uchovu wa kulima, mtu analala kwa muda wa saa tisa na kuamka amechoka, na unaweza kuendelea kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa macho anaonekana mzima. Nywele zimeota, uso umejaa. Mama mkwe anaona mkwe aliyekaa tu. Aelezwe, tena aelezwe na mtu mwingine, asiachiwe mgonjwa kujitetea mwenyewe.

Kuna mambo mengine mawili ya kuwaeleza watu wa nyumbani waziwazi, kwa maana kutoyajua kunaumiza kuliko ugonjwa. Saratani haiambukizi. Sahani ya mgonjwa, kikombe chake, kanga yake, kitanda chake, havimpi mtu ugonjwa. Na aliyechomwa mionzi kwa mashine habaki na mionzi mwilini. Akitoka chumbani pale anaweza kumbeba mjukuu. Hata zile tiba ambazo chombo huingizwa ukeni kwa dakika chache, chombo kikitolewa mionzi imeondoka nacho. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna nyumba ambazo baada ya safari ya Dar es Salaam sahani moja huwekwa pembeni, na hakuna anayesema kwa nini. Mwenye sahani anajua. Mtu anayekula peke yake katika sahani yake, watoto wakiitwa waondoke karibu naye, hawezi kupona moyo kwa maneno matamu ya Jumapili.

Nikija kwa wewe uliyemaliza matibabu, nitaanza na mzigo ambao si wako. Umeambiwa mara nyingi uwe na moyo, usiwaze, ukiwaza saratani itarudi. Umeitwa shujaa mbele ya watu, ukapigwa picha umeshika ua, na tangu siku hiyo unaona huna ruhusa ya kusema unaogopa. Nataka ujue kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 mtafiti James Coyne na wenzake walichapisha uchunguzi wa zaidi ya wagonjwa elfu moja wa saratani za kichwa na shingo, wakiangalia kama hali ya moyo wa mtu ilibashiri nani ataishi muda mrefu zaidi. Hawakuona uhusiano. Huzuni yako haiiti saratani. Machozi ya usiku hayaoteshi uvimbe. Unajali hali ya moyo wako kwa sababu unastahili kuishi vizuri siku ulizonazo, ulale, ule kwa hamu, ucheke na wanao. Hiyo ni sababu ya kutosha. Ukishuka moyo wiki nzima, hujajiua wala hujakosa imani.

Hofu ya ugonjwa kurudi ndiyo wanayoitaja wengi kuliko zote. Inakuja kwa mlango wa kawaida kabisa: kichwa kinauma, mgongo unakaza baada ya kuokota kuni, na tayari mtu amejiona kaburini. Haiondoki kwa kuambiwa "usiwaze". Inapungua ukiipa mpaka. Siku ya kliniki, mwombe daktari au nesi akuandikie kwenye daftari lako dalili zipi kwa saratani yako zinahitaji uje mapema, bila kungoja tarehe: kutokwa damu ukeni, uvimbe mpya, kukohoa kusikoisha, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, chochote anachoona yeye. Kwa maumivu mengine yasiyo makali, wapo wanaotumia kanuni nyepesi inayosaidia sana: yakiwa mapya na yameendelea wiki mbili, au yanazidi, nenda kituo cha afya, yakipungua, yalikuwa ya mwili tu kama ya miili ya wengine. Daftari likae mahali pamoja. Hofu ikija saa nane za usiku unafungua na kusoma, na una jibu la kujipa mpaka asubuhi.

Wiki ya kabla ya kliniki ina hali yake. Watu huwa wakali, au wanyamavu, wanaunguza mboga, wanasahau mtoto shuleni. Familia iijue wiki hiyo kama inavyojua wiki ya mitihani. Msipange harusi, kikao cha ukoo wala madeni katika siku hizo. Na siku ya kupokea majibu, mtu asiende peke yake. Anayekwenda naye abebe maji, kalamu na maswali yaliyoandikwa, kwa kuwa mwenye hofu husikia sentensi ya kwanza tu ya daktari. Majibu yakiwa mazuri, pia msishangae akikosa furaha hapo hapo. Mwili uliokaza kwa siku kumi hauachii kwa dakika moja.

Sasa niseme yale ambayo kliniki husemwa haraka, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Mionzi ya mlango wa kizazi mara nyingi hukausha uke, huufanya kuwa mfupi au mwembamba, na kwa mwanamke aliyekuwa bado anapata hedhi huleta ukomo wake ghafla, pamoja na joto la mwili na jasho la usiku. Tendo la ndoa linauma. Wengi huacha kabisa, hawasemi kwa nini, na mume anatafsiri anavyojua: hanitaki, au amekatazwa, au ataniambukiza. Ndoa kadhaa zimevunjika kwa ukimya huu, si kwa ugonjwa wenyewe. Kuna msaada. Kuna vifaa laini vya kupanua uke taratibu ambavyo muuguzi huonyesha namna ya kutumia. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa maduka ya dawa. Kuna muda wa kusubiri ambao daktari atakuambia baada ya kukupima. Uliza. Ukiona haya mbele ya daktari kijana wa kiume, omba nesi mwanamke, na uingie ukiwa umeshaandika swali kwenye karatasi, umpe asome. Mwanamke wa pwani mwenye somo wake, au mwenye shangazi aliyemfunda, anaweza kuanzia kwake, kwa sharti kwamba asipewe mizizi wala maji ya kujisafishia ndani. Ngozi iliyopigwa mionzi ni dhaifu na inaweza kuchubuka.

Mume naye apelekwe kliniki angalau mara moja. Asimame pale asikie kwa masikio yake kwamba hatapata saratani kwa mkewe, na kwamba hakuna mionzi iliyobaki. Kisha wawili wakae bila kudai tendo: kushikana, kupakana mafuta, kulala ubavu kwa ubavu kama zamani. Najua kuna wanaume watakaocheka wakisoma hapa. Lakini najua pia wapo waliokesha miezi wakiogopa kumgusa mke wasije wakamuumiza, na hakuna aliyewaambia kwamba kumgusa ndicho alichokuwa anakingoja.

Aliyekatwa titi ana lake. Mkono wa upande ule unaweza kuvimba, pengine miezi au miaka baada ya upasuaji, kwa sababu tezi za kwapa zilizoondolewa ndizo zilizokuwa zikipitisha majimaji. Dalili ya mwanzo ni ndogo: pete inabana, bangili inaacha alama, mkono wa gauni unakaza upande mmoja. Ikianza, nenda mapema, kwani ikiwahiwa hushikika kwa mazoezi na bendeji. Wengine huacha kutumia mkono kabisa kwa hofu. Huo nao ni ubaya. Mazoezi ya taratibu, ndoo ndogo kabla ya kubwa, ndiyo njia, kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo. Na kuhusu kifua kilichobaki tambarare: kitambaa laini kilichoshonwa na kujazwa pamba ndani ya sidiria kinatosha kumrudishia mtu ujasiri wa kwenda sokoni, na fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kukishona. Lakini asiyetaka kuvaa asilazimishwe. Kioo ni chake. Akichukua mwezi kujitazama, achukue mwezi.

Wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume nimewaweka katika aya fupi, na ufupi wake unatokana na kwamba wao hawasemi. Mkojo unaovuja, uume usiosimama, aibu ya kunuka barazani. Mwanaume anaacha kwenda kijiweni, watu wanasema amekuwa na majivuno. Rafiki mmoja tu anatosha kuuvunja ukuta huo. Asiulize "unaendeleaje", maana jibu litakuwa "salama". Amfuate nyumbani wacheze bao, wakae, arudi tena wiki inayofuata. Maneno yatakuja mkono ukiwa kwenye kete.

Watu wengi huuliza kama kuna haja ya kujiunga na kikundi cha waliougua. Mimi ninaviamini vikundi, ila nisingependa mtu aviingie kwa ahadi ya uongo. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani alichapisha matokeo yaliyoshangaza dunia: wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa, waliokutana kila wiki kuzungumza, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Uchunguzi mkubwa zaidi wa Kanada, ulioongozwa na Pamela Goodwin na kuchapishwa mwaka 2001, ukiwa na wanawake 235, haukuona nyongeza ya maisha. Ila uliona kitu kingine, nacho si kidogo: walioingia wakiwa na dhiki kubwa ya moyo walipata nafuu, na waliokuwa na maumivu makali waliyahisi yamepungua. Kikundi hakichukui nafasi ya dawa. Kinamfanya mtu aweze kubeba anachobeba.

Wala hakihitaji ofisi. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser aliyekuwa ametolewa titi alianza kwenda hospitalini kuwatembelea wanawake waliotoka kwenye upasuaji kama wake, mmoja mmoja, akiwaonyesha mazoezi ya mkono na nguo za kuvaa. Huduma hiyo, Reach to Recovery, ilienea nchi nyingi. Ilianza na mtu mmoja aliyesimama kando ya kitanda akiwa amevaa vizuri, na mgonjwa akaona kwa macho kwamba inawezekana. Ukiwa umemaliza matibabu na uko wilayani, mwulize nesi wa hospitali ya wilaya kama kuna mwingine. Acha namba yako kwake, yeye amwulize mwenzako kama yuko tayari. Asitoe jina la mtu bila ridhaa. Wawili mnaokutana Jumamosi moja kwa mwezi chini ya mwembe tayari ni kikundi. Jijini Nairobi, Faraja Cancer Support Trust imefanya kazi hii kwa miaka mingi, ikiwapa wagonjwa ushauri na mahali pa kupumzisha moyo bila malipo, na wagonjwa wa Dar es Salaam, Mwanza na Moshi wanaweza kuuliza kwenye kliniki zao ni kikundi gani kinakutana, siku gani.

Weka masharti tangu mwanzo. Yanayosemwa hapo yabaki hapo. Hakuna kuuza: wala unga wa lishe, wala matone ya maajabu, wala maji ya mganga, hata kama muuzaji ni mwenzetu na anaamini anachouza. Mwenye hofu hununua chochote, na kikundi kikishageuka soko, walio maskini zaidi huondoka kwanza. Kwenye kundi la simu, msitumiane taarifa za kutisha usiku wala ushuhuda wa aliyeacha dawa akapona. Asiyetaka kuzungumza akae asikilize. Na aliye katika maumivu mapya asikatizwe na anayetaka kusimulia ushindi wake.

Halafu kuna siku ambayo kila kikundi kitaifikia, nayo ni bora muizungumze kabla haijafika. Mwenzenu atafariki. Habari itaingia kwenye simu, watu wataandika "poleni", kisha kundi litanyamaza wiki mbili, tatu, kila mmoja akihesabu zamu yake. Nimeona vikundi vizuri vikifa hapo. Kiongozi asiiache habari iwafikie watu kwa maandishi matupu. Awapigie wanachama mmoja mmoja, hasa mwenye ugonjwa wa aina ile ile. Mkutane ndani ya siku chache, mkae kama matanga, mumtaje kwa jina, kila mtu aseme alichokipata kwake. Asiyeweza kwenda mazikoni asihukumiwe. Wengine hawana nguvu ya kuliona kaburi mwaka huu. Na mtu mmoja aseme kwa sauti kile ambacho wote wanakiwaza: ugonjwa wake ulikuwa wake. Ulianzia mahali pake, ulikuwa umefika hatua yake, uliitikia dawa kwa namna yake. Kifo chake hakisomi majibu ya mwingine yeyote aliyeketi pale. Mara nyingi watu hutoka kwenye kikao hicho wakiwa wameshikamana kuliko walivyoingia.

Imani ni nguzo ya wengi wetu, na mtu asipewe ushauri wa moyo unaoipita pembeni. Dua, rozari, swala ya usiku, kwaya ya Jumatano, vimewavusha watu mahali ambapo hakuna mwanasaikolojia wilaya nzima. Ombi langu kwa mapadri, wachungaji na masheikhe ni dogo: msimlazimishe mtu kutoa ushuhuda kwamba amepona kabisa. Akishasema mbele ya watu mia tano, ugonjwa ukirudi ataona aibu kurudi kliniki, na wapo waliochelewa kwa sababu hiyo. Mwombeeni, na mwulizeni kama amemeza dawa. Anayetaka kufunga Ramadhani akiwa bado anatumia vidonge azungumze kwanza na daktari wake. Dini yenyewe imempa mgonjwa nafasi.

Sasa kuna tofauti kati ya huzuni na sonona, nayo lazima ijulikane nyumbani. Huzuni inakuja na kwenda, na mtu bado hutabasamu mjukuu akifanya kituko. Sonona inakaa. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, mtu hana hamu ya chochote alichokipenda, halali au analala mchana kutwa, hali, anajilaumu kuwa amewamaliza watu fedha, au anasema ingekuwa heri asingekuwepo, hapo panahitaji mtaalamu. Mwulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu sumu za shambani na akiba ya vidonge, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Mahali pasipo na mtaalamu bado pana namna. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu: mtu anataja shida zake, anachagua moja tu, wanatafuta pamoja hatua moja ndogo ya kufanya kabla ya kukutana tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi kama hilo linaweza kukaa nje ya zahanati yoyote yetu. Mwenye mawazo ishirini hawezi kuyatatua ishirini. Chagua moja: deni la duka, au mtoto asiyejua mama anaumwa nini. Huyo wa mwisho aambiwe ukweli kwa lugha yake, kwa sababu watoto wasioambiwa hujijazia wenyewe, na wengi huamini wao ndio waliosababisha.

Kutembea nako kusidharauliwe. Wataalamu wa mazoezi na saratani kutoka nchi mbalimbali walikubaliana, katika mwongozo uliochapishwa mwaka 2019, kwamba nusu saa ya mazoezi ya wastani mara tatu kwa wiki, kwa miezi miwili mitatu, hupunguza wasiwasi, sonona na uchovu kwa waliougua. Anza na dakika kumi mpaka kwa jirani na kurudi. Ukipata wa kufuatana naye, bora zaidi.

Nimemwacha mwisho anayeuguza, kama anavyoachwa siku zote. Ni binti aliyesimamisha chuo, au mke aliyefunga genge, au kaka aliyelala sakafuni wodini. Mgonjwa akishapona, huyu ndiye anayeanguka: anaumwa mgongo, anakuwa mkali, anasahau. Hakuna anayempa pole maana hana faili. Mwulize yeye peke yake, nje, mbali na masikio ya mgonjwa. Mshikie zamu Jumamosi nzima, kuanzia asubuhi, chakula kikiwa kimepikwa kwako, aende kusuka, mpirani, au akalale kwa rafiki bila kuulizwa anarudi saa ngapi. Binti aliyesimamisha chuo asaidiwe kuandika barua ya kurudi masomoni muhula huu huu, kwa sababu nafasi yake chuoni haitamsubiri siku zote.